Kichochezi au Kianzio? Maoni Kuhusu Istilahi za Jeni

Mswada wa kufundishia biolojia uliotufikia waeleza jinsi bakteria wanavyoongoza unukuzi wa jeni zao. Lugha yake ni safi. Mfasiri astahili pongezi kwa kutenga "unukuzi" na "tafsiri", kwani ndani ya chembe hai kazi hizo ni mbili, kama zilivyo mbili mezani petu.

Lakini sehemu ya DNA ambapo kimeng'enya cha unukuzi hutua kabla ya kuanza kazi ameiita "kichochezi". Kichochezi hutenda; sehemu hii haitendi lolote. Ni mahali tu, panapotambulikana kwa mfuatano wa herufi unaokaribia TATAAT, hatua kumi hivi kabla ya mwanzo wa unukuzi. Twapendekeza "kianzio". Sehemu inayofuata ameiita "mwendeshaji", kana kwamba mna dereva humo! Jacob na Monod wa Ufaransa, walioueleza mpango huu mwaka 1961, walisema kuna kizuizi kinachotenda hapo. Leo twajua kuwa ni protini inayong'ang'ania DNA na kukifungia kimeng'enya njia. Basi hapo pawe "kizingiti".

Kosa zito zaidi limo katika neno jepesi. Mswada wasema kizuizi huachia "sukari inapoingia". Sukari ipi? Huko Makurunge, Bagamoyo, sehemu ya ardhi iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya RAZABA tangu miaka ya 1970 leo ni mashamba ya miwa. Mwanafunzi wa huko akisoma "sukari" ataona muwa, na muwa haufungui jeni hizi. Kinachohusika ni laktosi, sukari ya maziwa. Tena glukosi ikiwepo, bakteria huitumia hiyo kwanza. Iandikwe "laktosi", bila haya.

Wako watakaosema tunabishania maneno. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, haikizuii kimeng'enya kutua kianzioni. Huziba njia mara tu unukuzi unapoanza. Mwalimu wa wauguzi aliyefundishwa "kichochezi" ataeleza kwamba dawa hupunguza uchochezi, naye atakuwa amepotosha darasa zima.

Kuhusu "kizingiti" hatuna ukaidi: wanafizikia wanalitumia neno hilo kwa maana nyingine, na mwenye neno bora na alilete.