Kutoka Kipande hadi Faili: Namna Saa za Kazi Zinavyoandikwa kwa Maandishi Matupu

Kufuatilia muda wa kazi ni kuandika kila siku kazi gani ilianza saa ngapi, ilikoma saa ngapi na ilikuwa ya mradi upi, kisha kuzijumlisha kumbukumbu hizo ziwe taarifa inayoweza kulipiwa, kukaguliwa au kutumiwa kupanga msimu unaofuata. Katika kata kama Bujonde wilayani Kyela, Tanzania, ambako kaya moja huweza kulima mpunga, kutunza mikakao na kufanya vibarua kwa mwingine ndani ya wiki ile ile, kumbukumbu ya namna hii si jambo la ofisi za mjini peke yake, kwa kuwa bila hiyo hakuna ajuaye gunia la mpunga au kilo ya kakao imegharimu saa ngapi za mtu.

Kumbukumbu ya kazi si ngeni kwa watu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako Kyela ipo. Baada ya dhahabu kupatikana Lupa, eneo la Chunya, mwaka 1922, wanaume wengi wa Unyakyusa walikwenda huko kuchimba, na wengine walivuka mpaka hadi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko mgodini mkataba ulihesabiwa kwa tiketi ya siku 30 za kazi, na katika mashamba makubwa ya Tanganyika, hasa ya mkonge, ulihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30 ambayo ilitiwa alama moja kwa kila siku ambayo kazi iliyopimwa ilikamilika. Malipo yalifuata alama ya thelathini, hata kama kuifikia kulichukua zaidi ya mwezi wa kalenda. Kipande kilikuwa na kasoro mbili za kiufundi: kwanza, kipimo chake kilikuwa siku nzima, hivyo siku ya saa tano na siku ya saa kumi zilionekana sawa, na siku ambayo kazi haikuisha haikuonekana kabisa; pili, aliyetia alama alikuwa msimamizi, na mfanyakazi hakuwa na njia ya kukokotoa upya kilichoandikwa.

Njia ya maandishi matupu inazigusa kasoro hizo zote mbili. Faili la maandishi matupu ni faili lenye herufi, tarakimu, alama za uandishi na nafasi tu, lisilo na mapambo wala muundo uliofichwa, ambalo hufunguka katika simu au kompyuta yoyote na linaweza hata kunakiliwa kwa mkono kwenye daftari. John Wiegley, aliyetoa programu ya uhasibu iitwayo Ledger mwaka 2003, ndiye pia aliyebuni mtindo wa timeclock, ambamo mstari unaoanza kwa herufi moja huonyesha kuingia kazini na mstari unaoanza kwa herufi nyingine huonyesha kutoka. Mwaka huo huo Carsten Dominik, mwanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, alianzisha Org, programu inayofanya kazi ndani ya kihariri cha Emacs na ambayo baadaye iliongezewa uwezo wa kuandika vipindi vya kazi chini ya kila kichwa cha habari. Mtindo rahisi kuliko yote, unaofaa kuanzia, ni mstari mmoja kwa kila kipindi:

2024-02-13 07:00 11:30 mpunga kupalilia
2024-02-13 14:00 16:15 kakao kupogoa

Mpangilio wa tarehe hapa haukuchaguliwa kwa bahati. Mwaka ukitangulia, ukafuatwa na mwezi kisha siku, kama kinavyoelekeza kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, mistari ikipangwa kwa kufuata tarakimu zake hujipanga pia kwa kufuata wakati, bila programu kulazimika kujua lolote kuhusu kalenda.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi kwa mwandishi wa Kiswahili ni saa yenyewe. Saa ya Kiswahili huhesabu kuanzia mapambazuko na kuanzia machweo, hivyo 07:00 ya simu ni saa moja asubuhi na 14:00 ni saa nane mchana. Kwa kutafuta urefu wa kipindi, hesabu ya Kiswahili ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kutoka saa moja hadi saa tano na nusu ni saa nne na nusu, sawasawa na kutoka 07:00 hadi 11:30. Hata mvuvi wa usipa anayeingia ziwani saa moja usiku na kurudi saa kumi alfajiri hutoa moja katika kumi na kupata tisa, ilhali saa ya simu humpa 19:00 na 04:00, tarakimu zinazovuka usiku wa manane na kuhitaji kuongezewa 24 kabla ya kutoa. Hatari huja pale mifumo miwili inapochanganywa ndani ya mstari mmoja: anayeandika 2:00 kwa maana ya saa mbili asubuhi, kisha akanakili 12:00 kutoka kwenye simu, amegeuza saa nne za kazi kuwa kumi. Kanuni iliyo salama ni kuandika faili lote kwa mtindo wa saa 24, kwa kuwa mashine haitambui asubuhi na usiku isipoambiwa, kisha kuuhakiki kila mstari kwa hesabu ya Kiswahili, ambayo kwa kazi ya mchana au ya usiku isiyovuka saa kumi na mbili hufanyika kichwani.

Baada ya kuandika hufuata kujumlisha, na hapa kuna utengano ambao ndio moyo wa njia nzima: mistari ya kila siku haiguswi, na taarifa hukokotolewa upya kutoka humo kila inapohitajika. Programu ya awk, iliyobuniwa mwaka 1977 katika maabara za Bell nchini Marekani na Alfred Aho, Peter Weinberger na Brian Kernighan, husoma mstari mmoja mmoja, huukata penye nafasi, hugeuza saa kuwa dakika, hutoa mwanzo katika mwisho, kisha hutia jibu katika kapu lenye jina la mradi. Kwa mfano uliotangulia, kapu la mpunga hupata dakika 270 na la kakao 135, jumla 405, yaani saa 6 na dakika 45. Saa hizo zikigeuzwa kuwa desimali ili zizidishwe kwa malipo ni 6.75; anayeandika 6.45 amepoteza dakika 18, na kwa siku 20 zinazofanana atakuwa amepoteza saa 6 kamili za jasho la mtu.

Taarifa kama hiyo ina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 katika kipindi cha wiki nne, inataka kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, na inaitambua kazi ya usiku kuwa ile ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, yenye nyongeza ya asilimia 5. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachoweza kuthibitishwa kwa kadi ya alama za siku, lakini vyote huthibitishwa kwa mistari yenye mwanzo na mwisho.

Njia hii haiondoi udhaifu wa mwandishi. Mstari ulioandikwa Jumamosi kwa kukumbuka kazi ya Jumatatu ni makisio, na faili lililo katika simu moja hupotea pamoja na simu hiyo ikizama majini katika mvua za masika za Kyela. Dawa ya udhaifu wa kwanza ni kuandika papo hapo kazi inapokoma. Ya pili ni nakala rudufu, na kwa wenye kompyuta, programu ya kutunza matoleo kama Git, iliyoundwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo huhifadhi kila badiliko pamoja na tarehe na jina la aliyelifanya, hivyo mstari uliosahihishwa huacha alama ya kusahihishwa kwake.

Kwa kikundi cha wakulima cha Bujonde, basi, hatua ya kwanza haihitaji kununua programu yoyote. Inahitaji makubaliano ya majina ya miradi, mtindo mmoja wa saa, na nakala ya mistari iliyo mikononi mwa kila aliyefanya kazi, ili siku ya malipo kibarua naye aweze kuweka kidole kwenye mstari wake, atoe mwanzo katika mwisho, na apate jibu lile lile alilolipata katibu. Uwezo huo wa kukokotoa upya ndio ambao mwenye kipande hakupewa.