Tamaa ya Makuu na Msiba wa Nyumba katika Makbeth

Tamthilia ya William Shakespeare iitwayo Macbeth, iliyotungwa yapata mwaka 1606, ilitufikia kwa Kiswahili mwaka 1968 katika tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth. Msomaji wa kwetu akutanapo na wale wachawi watatu nyikani, ni rahisi aseme: mtu huyu amerogwa. Sisi twaona kwamba usomaji huo wamwachilia huru mtenda dhambi, na wauficha msiba wenyewe.

Tuangalie. Wachawi wanamtabiria Makbeth ufalme, hawamwagizi aue. Banquo naye, aliyeambiwa saa ile ile kwamba uzao wake utatawala, hamwagi damu ya mtu. Kwa hiyo neno la wachawi lilikuta tamaa imekwisha kuota moyoni mwa Makbeth. Yakobo vilevile (1:14-15) auweka mwanzo wa jaribu ndani ya mtu mwenyewe.

Tamaa hiyo yaanza kubomoa nyumbani. Kwanza Makbeth anamwandikia mkewe barua, asimfiche neno. Kwa shauri lao Mfalme Duncan, jamaa yao na mgeni wao, anauawa usiku chini ya dari yao. Lakini anapopanga kumwua Banquo, Makbeth anamficha mkewe shauri hilo. Hapo ndoa imekwisha kufa, ingawa wote wawili wangali hai. Baadaye mke anatembea usingizini, akijaribu kunawa damu isiyoonekana, na habari ya kifo chake inamkuta mume hana hata machozi. Nyumba ya Macduff nayo yaangamizwa, mama na watoto.

Wasomaji wetu wa Kitura na kwingineko Umatengo waijua sengu, desturi ya ndugu wa ukoo kula pamoja kwa mzee wao na kuyaamua mashauri yao. Wao watauelewa upesi uzito wa ile karamu ya mfalme mpya: kiti chake kimekaliwa na mzuka wa Banquo, na wageni wanatawanyika bila utaratibu. Aliyemwua mwenzake hawezi tena kukaa mezani na watu.

Jambo hili lahusu sharika zetu pia. Ukoo ugombaniapo shamba, urithi au cheo, kisha mauti yaingie, mara nyingi kidole huelekezwa kwa bibi kizee fulani, naye huweza kupoteza maisha. Wakati huo hakuna aulizaye ni nani aliyetaka makuu. Mchungaji hana budi kuliuliza swali hilo, maana pasipo jibu lake hakuna toba, na pasipo toba ndugu hawapatani.

Makbeth mwenyewe, hata ajuapo kwamba ameibeba damu ya jamaa ya Macduff, bado analalamika kuwa pepo wamemlaghai kwa mafumbo. Msomaji asimfuate katika lalamiko hilo.