Saa 48: kosa la kontrati niliyoandika mwenyewe

Wasomi wenzangu, leo siikosoi serikali. Ninakosoa karatasi ya ukurasa mmoja, na mwenye kuiandika ni mimi.

Nilikuwa nimetoka tu kumaliza masomo ya sheria. Baba mudogo akaniita kwake Mikelenge: "Weye ni musomi, uniandikie kontrati ya nyumba." Nikaiga zile tunazoziona kila siku hapa Kindu. Garanti, miezi 6. Na mwishoni: mupangaji akikosa kulipa, atatoka ndani ya saa 48. Baba mudogo akafurahi, akapiga fotokopi, akagawia na majirani.

Mwaka jana karatasi ile ilifanya kazi yake. Mupangaji alikuwa mwalimu, mishahara ilichelewa, kodi ya miezi 4 ikabaki. Baba mudogo akaja na fundi, wakatoa mlango. Mama ya watoto akauliza: "Papa, tutalala wapi na mvua hii?" Akaonyeshwa kontrati. Ni maneno yangu alisomewa.

Sasa tusome sheria, vile ningepaswa kuisoma siku ile. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu kupangisha nyumba, inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Kama kontrati haina muda uliowekwa, mwenye nyumba anayetaka nyumba yake anatoa preavi ya miezi 3. Wakigombana, wanaanzia kwenye ofisi ya Habitat kutafuta mapatano. Wasipopatana, wanaandikiwa prose-verbali, ndipo kesi inaenda tribunali. Hukumu ikitoka, hisie ndiye anayeitekeleza. Shefu wa kartie hana uwezo wa kufukuza mtu. Polisi naye hawezi kufukuza mtu bila hukumu. Na saa 48 zangu, hata tukizipigia mihuri kumi, haziruki hata hatua moja ya hizo.

Lakini nisimwonee baba mudogo. Yeye hana mshahara, kodi ile ndiyo chakula chake na masomo ya watoto wake. Ukimwambia aende Habitat, kisha tribunali, kisha atafute hisie, anahesabu miezi na feza ya kila karatasi. Akaniuliza: "Na miezi yote hiyo, mimi nitakula sheria?" Sikuwa na jibu zuri. Hapo ndipo sheria yetu inapungukiwa: imeandikwa kwa Kifaransa, na njia yake ni ndefu kwa mtu mwenye nyumba moja ya vyumba viwili. Ndiyo maana watu wanachagua nyundo ya fundi.

Hata hivyo, nyundo haikumlipa. Mwalimu aliondoka na deni lake, akavuka mto kwenda kwa ndugu yake Alunguli. Garanti yake ilibaki kwa baba mudogo, na hakuna aliyekaa kufanya hesabu ya nani anamdai nani. Wote wawili walipoteza. Pale Habitat, angalau hesabu ile ingefanywa mbele ya mtu wa tatu, na mwalimu angeweza kuahidi kulipa kidogo kidogo, kwa maandishi.

Tatizo ni sisi, wasomi. Kila kartie ina mmoja wetu anayeitwa kuandika karatasi kama hizi, na tunaiga bila kusoma. Nimeandika upya ile yangu, kwa Kiswahili: garanti miezi 3, hali ya nyumba iandikwe siku ya kuingia na ya kutoka, mtu akichelewa kulipa aonywe kwa barua, halafu Habitat. Ile ya saa 48 nimeifuta.

Baba mudogo bado hajaitia sahihi. Nitarudi kwake Jumapili. Nanyi, mwenye kuwa na kopi ya ile ya zamani nyumbani, naomba aipasue.