Kuwasha Kompyuta Isiyo na Diski

Kompyuta isiyo na diski, ukibonyeza kitufe, huamka bila kujua chochote. Haina anwani, haijui seva iko wapi wala itapakia nini. Ilicho nacho ni programu ndogo ya kadi ya mtandao, inayofuata kanuni za PXE ambazo Intel ilitoa toleo lake la 2.1 mwaka 1999. Programu hiyo hupiga hodi mtandao mzima. Seva ya DHCP, mgawaji wa anwani, hujibu: chukua anwani hii, nenda seva ile, faili la kuanzia ni hili. Kisha faili huvutwa kwa TFTP, itifaki kongwe inayotuma baiti 512, ikasubiri kuthibitishiwa, ndipo ikatuma 512 nyingine.

Yote yakienda sawa, fundi hana anayemkumbuka. Yakikwama, wenye papara huzima na kuwasha, halafu huanza kupanga seva upya. Fundi ninayemhusudu husoma kioo kwanza. PXE-E61 humpeleka kwenye kebo. PXE-E53 humwambia kuwa DHCP imejibu ila jina la faili halikuja. PXE-E32 maana yake ombi la TFTP halikupata jibu, na hapo huuliza kuhusu fayawoli: ombi huingia kwa poti 69, lakini seva hujibu kwa poti nyingine iliyoichagua papo hapo. Fayawoli ya katikati inayoruhusu 69 peke yake hulitupa jibu hilo.

PXE-E51 ndiyo yenye vituko. Inasema hakuna DHCP iliyojibu, nawe unaiona DHCP hiyohiyo ikigawa anwani kwa simu na laptopu zote za jengo. Fundi huinama akatazama swichi. Kwenye swichi nyingi za Cisco, taa ya poti hubaki ya rangi ya chungwa kwa muda kabla ya kuwa ya kijani. Muda huo swichi inahakikisha hakuna mzunguko mtandaoni: sekunde 15 za kusikiliza, 15 za kujifunza. Nusu dakika nzima hodi za kompyuta hazipiti, na kadi isiyo na subira hukata tamaa mapema. Kuthibitisha, fundi huchomeka kiswichi cha bei rahisi katikati. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, kiswichi hakizimiki, kwa hiyo poti ya swichi kubwa haianzi kuhesabu upya. Ikiwaka, mchawi kapatikana. Dawa ni kuwasha PortFast, inayoruka kungoja huko, kwenye poti za kompyuta tu. Ukiiweka kati ya swichi na swichi, unakaribisha balaa jingine.

Ustadi wake huonekana zaidi akisoma kumbukumbu za TFTP. PXELINUX, faili la kuanzia linalotumika kuwasha Linux, ikishapakiwa hutafuta faili la mipangilio, na seva huandika "halipo" mstari baada ya mstari. Mgeni wa kazi hushtuka. Fundi hutulia, kwa sababu mistari hiyo inathibitisha kwamba kebo, DHCP na TFTP zote ni nzima. Anaona kompyuta ya 192.168.1.10 ikiomba faili liitwalo C0A8010A, ikikosa ikaomba C0A8010, ikiendelea kupunguza tarakimu mpaka C, na mwisho kabisa default. Juu yake upo mstari wenye anwani ya MAC, ikitanguliwa na 01 na kutenganishwa kwa vistari, kwa herufi ndogo. Kwenye seva ya Linux, aliyelipa faili jina kwa herufi kubwa atashinda pale kutwa nzima.

Siku hizi kuna mtego mpya. Kompyuta ya UEFI ikipewa pxelinux.0 iliyotengenezwa kwa ajili ya BIOS, huipakua yote, kisha hurudi kwenye menyu bila hata kulalamika. Fundi hutafuta chaguo namba 93 ndani ya pakiti ya DHCP, ambako kompyuta hujitaja ni ya aina gani: 0 ni BIOS, 7 ni UEFI ya biti 64. Kisha huongeza mistari miwili kwenye mipangilio ya dnsmasq, programu ya seva ya DHCP, kila aina ikapewa faili lake, na kuhamia kompyuta inayofuata.