Sikio la Mkaangaji

Mkahawa ulikuwa na viti tisa tu, katika uchochoro mmoja wa Ueno, Tokyo. Nilipewa kiti kilichoelekea karai, karibu mno hata joto la mafuta likawa linanipiga usoni. Mpishi, mtu wa makamo mwenye kofia nyeupe, alitumbukiza mnofu wa nguruwe uliovikwa chembe za mkate, kisha akalipa karai mgongo na kuanza kukata kabichi. Hakutazama saa. Kipimajoto sikukiona. Nikajisemea moyoni: leo nitakula mkaa.

Mwanzoni mafuta yalinguruma kama masika juu ya bati. Ni maji ya kwenye nyama na mkate yaliyokuwa yakitoka kwa fujo. Kadiri yalivyopungua, mngurumo nao ukapungua, ukawa mwembamba, mkavu, kama mchele unaopepetwa kwenye ungo. Hapo kisu kikasimama katikati ya kabichi. Yule bwana akageuka, akaopoa. Kumbe muda wote alikuwa akisikiliza.

Chakula hiki huitwa tonkatsu. Ton ni nguruwe. Katsu ni mkato wa katsuretsu, neno la Kizungu lililopita kwenye ulimi wa Kijapani likatoka na sura mpya, kama lilivyotoka shati kwetu. Si chakula cha kale. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku nyama za baadhi ya wanyama, na kwa karne nyingi ulaji wa nyama ulitazamwa kwa jicho baya, hadi mwaka 1872 ilipotangazwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama. Mkahawa wa Rengatei, uliofunguliwa Ginza mwaka 1895 na ambao bado upo, ndio unaosifiwa kwa kuuacha ukaangaji wa Kifaransa wa siagi kidogo na kuizamisha nyama kwenye mafuta mengi, kama tempura. Na tempura yenyewe Wajapani waliipata kwa Wareno, walewale waliotuachia sisi meza na leso.

Lakini historia haikaangi nyama. Kabla ya karai, mpishi alichanja ule mshipa mweupe unaopita kati ya mafuta na mnofu, nyama isije ikajikunja kwenye joto. Chumvi, pilipili manga, unga kidogo, yai, kisha chembe za mkate. Chembe zenyewe si ule unga mkavu wa pakiti. Ni mkate mbichi uliochambuliwa kwa chembe kubwa, wenye unyevu bado, na mpishi hakuugandamiza. Aliufunika juu ya nyama kwa viganja, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Ndiyo maana chembe zilipoiva zilisimama wima, kama theluji ya friji ambalo halijayeyushwa miezi mitatu.

Alipoopoa hakukata papo hapo. Aliiweka nyama juu ya wavu wa waya, akaiacha. Mimi na njaa yangu tuliiona dhuluma, ila joto lililobaki ndani lilikuwa bado linafanya kazi. Kisu kiliposhuka kilitoa mlio wa majani makavu yanayokanyagwa, na ndani palikuwa na uwekundu hafifu, juisi ikimetameta lakini haimwagiki.

Mimi ni mlaji wa kitimoto wa Dar es Salaam. Nimezoea vipande vidogo vilivyokaushwa hasa, ndizi pembeni, kachumbari, na mikono minne kwenye sinia moja. Hapa kila mtu ana sahani yake, wali wake, supu yake ya miso na achari yake. Asiyekula nguruwe hukaangiwa kuku kwa mtindo uleule, na sikio ni lilelile. Nilipewa kikinu chenye mifereji nisage ufuta mwenyewe, niuchanganye na mchuzi mzito mweusi, mtamu-mchachu. Wengi huumwaga mchuzi huo juu ya nyama yote. Mimi naona ni kuizamisha kazi ya mtu. Kipande cha kwanza nilikula kwa chumvi, cha pili kwa haradali iliyonipanda puani, na mchuzi nikaupeleka kwenye kabichi.

Na kabichi ile! Nyembamba kama uzi wa kushonea, mbichi, imetoka kwenye maji ya baridi. Ukiitafuna baada ya mafuta, mdomo unasafishika na kuomba tena. Niliongezewa bila kulipia.

Mteja mwingine akaingia, mnofu mwingine ukatumbukia. Safari hii niliweka vijiti chini, nikafumba macho. Mngurumo. Ukapungua. Nikausikia wembamba ule, nikafumbua macho kwa furaha na kumtazama mpishi ageuke.

Hakugeuka. Aliendelea na kabichi, tena bila haraka, mpaka nikaanza kuona aibu.