Asubuhi ya Mdiria, Ufuoni Rumonge

Mtu akiona picha ya ndege angani, kila unyoya ukihesabika, huuliza ilipigwa kwa kamera gani. Swali zuri, ila limebisha hodi nyumba ya jirani. Kamera za siku hizi zina kasi kuliko jicho. Zisichokijua ni ndege atafanya nini punde ijayo. Hilo ni jukumu la mpigapicha, na ufundi wenyewe uko hapo.

Nikiusifu ufundi huu huikumbuka Rumonge, mji wa ndagala, yaani dagaa, na mawese, kusini mwa Bujumbura. Ziwa Tanganyika liko magharibi, vilima viko mashariki. Jua likishavuka vilima humpiga mpigapicha mgongoni na ndege usoni, na nyuma ya ndege kuna milima ya Kongo, bado ya buluu. Upepo nao unasaidia. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, kwa hiyo alfajiri hewa hushuka kutoka vilimani kwenda ziwani. Ndege huruka na kutua akiukabili upepo; basi saa moja asubuhi anayetoka ziwani huja akikutazama, kifua wazi, jicho linang'aa. Alasiri yote mawili hugeuka: upepo watoka ziwani, jua liko upande wa Kongo, na wewe unaambulia mikia na vivuli. Vivuli vina uzuri wake, sikatai, lakini anayetaka manyoya asisubiri alasiri.

Mwalimu wa kuanzia naye ni mdiria wa madoa meusi na meupe. Ndege wengi hupita. Huyu husimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga kwa kasi, mdomo ukielekea chini, na kichwa kimetulia tuli. Kichwa hicho ndicho cha kulenga. Akishajitupa majini usimkimbize, hutampata. Ngoja aibuke, maana mara nyingi hurudi kwenye mti au kamba ya mtumbwi alikotoka, na njia yake ya kurudi unaweza kuikisia.

Hesabu yake si ngumu. Ndege anayekwenda kilomita 36 kwa saa husogea mita 10 kila sekunde. Ukifungua shata kwa 1/500 ya sekunde, amekwishasogea sentimita 2, na unyoya umekuwa ukungu. Kwa 1/2500 amesogea milimita 4 tu, na ukimfuata kwa lenzi bila kusita hata hizo zinapungua. Kumfuata kwenyewe huanza mapema, angali mbali na mdogo, viwiko vikiwa vimebanwa mbavuni, kiuno ndicho kinachogeuka. Kidole kinabonyeza mwili ukiwa bado kwenye mwendo, na mwendo hauishi mpaka baada ya picha. Anayesimama ili abonyeze amekwisha kuachwa.

Mfaransa Étienne-Jules Marey aliyajua haya mwaka 1882, alipotengeneza kamera yenye umbo la bunduki, ya kupiga picha 12 kwa sekunde, ili aone mabawa yanavyofanya kazi. Leo simu ya mkononi inamzidi kwa wingi wa picha. Kwa subira, sidhani.

Furukombe, yule tai wa kichwa cheupe, anadai subira ya namna nyingine. Anaweza kukaa juu ya mti asubuhi nzima. Ila hutoa dalili: huinama, hugeukia upepo, na mara nyingi hujisaidia kwanza. Mzaha kando, ukiona hivyo weka jicho kwenye kamera. Wavuvi wanaorudi na taa zao wanazijua dalili hizi kuliko vitabu, nami namheshimu mpigapicha anayewauliza kabla hajauliza bei ya lenzi. Yule anayewarushia ndege samaki ili apate picha, simheshimu.

Ukienda, fika kabla jua halijavuka vilima. Omba ruhusa kwa watu wa mwalo, kwa sababu ufuo ni mahali pao pa kazi, na usikanyage ndagala zilizoanikwa. Ikifika saa nne mchanga umepata moto, hewa juu yake inatetemeka, na hakuna lenzi, hata ya bei gani, itakayokupa picha safi kupitia hewa hiyo. Funga kamera, kanunue mikeke, wale samaki wa ziwani.