Egemeo la Maandishi katika Matangazo ya Umma

Aghalabu tahakiki zinazotolewa katika kurasa kama hizi huhusu neno: je, limeundwa vema, linaeleweka, linakubaliana na ngeli zetu? Safari hii tumeonelea tuhakiki jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la mpiga chapa peke yake, yaani namna mistari ya maandishi inavyopangwa juu ya karatasi. Tumelichagua kwa sababu katika ziara yetu ya Njombe na Makambako tulijionea kwamba mpangilio mbaya waweza kuibadili maana ya sentensi ambayo mwandishi wake hakukosea hata herufi moja.

Makambako ni mji wa njia panda. Hapo barabara ya Songea, ipitayo Njombe, huachana na barabara kuu iendayo Mbeya, na hapo pia pana stesheni ya reli ya TAZARA. Kwa hiyo ni mji wenye matangazo mengi: ya mizigo, ya mbao, ya viazi, ya ushuru, ya viwanja. Katika ubao mmoja tulisoma tangazo la ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja. Lilihusu fidia ya mimea, na lilikuwa limechapwa katika safu mbili nyembamba, kila safu ikiwa imenyooshwa kushoto na kulia. Sentensi yake muhimu ilisema kwamba wananchi wasiojiandikisha kabla ya tarehe iliyotajwa hawatalipwa fidia. Ila neno la mwisho wa mstari lilikuwa limekatwa. Juu ilibaki «ha-», na mstari wa chini ukaanza na «watalipwa fidia».

Nakala ile ilikuwa imetolewa fotokopi mara nyingi, hata kistari cha kukatia neno kikawa hakionekani vizuri. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma kwa kufuatisha kidole alitugeukia akasema, «Wanangu, hapa si pameandikwa watalipwa?» Tulimsomea tena tangazo lote tangu mwanzo. Alikuwa hajajiandikisha, na muda uliobaki ulikuwa siku mbili.

Yawezekana baadhi ya wasomaji wetu watasema kwamba kosa ni la mzee, kwa kuwa hakusoma mstari wa juu kwa makini. Sisi hatukubaliani nao. Tangazo la umma huandikwa kwa ajili ya msomaji alivyo, pamoja na macho yake, miwani yake na haraka yake. Tena mzee yule alisoma kama tulivyofundishwa sote: kidole hurudi pambizo ya kushoto, kikatafuta neno linaloanza mstari, na neno hilo likasomwa kama neno kamili. Kwa bahati mbaya «watalipwa» ni neno kamili.

Tujiulize basi kwa nini neno lile lilikatwa. Maneno ya Kiswahili hurefushwa na viambishi. Jambo ambalo lugha nyingine hulisema kwa maneno matatu au manne madogo, sisi twalisema kwa neno moja: «hawatalipwa», «wanaoshughulikia», «tulipowaandikia». Tuchukue mfano wa sentensi ambayo ingeweza kuandikwa popote mkoani Njombe: «Wanaoshughulikia mashamba ya parachichi wanatakiwa kujiandikisha.» Tuseme safu yetu ina nafasi ya herufi 30, na kila herufi ina upana uleule, kama ilivyokuwa katika mashine za taipu. Mstari wa kwanza utachukua «Wanaoshughulikia mashamba ya», yaani nafasi 28; hapo pana nafuu. Mstari wa pili utachukua «parachichi wanatakiwa», basi, kwa sababu «kujiandikisha» lina herufi 13 na haliwezi kuingia. Maneno hayo mawili yana herufi 20. Ikiwa mstari ni lazima ufike ukingo wa kulia, nafasi moja iliyo kati ya maneno hayo itabidi itanuliwe hadi iwe na upana wa herufi kumi.

Mpangaji hubaki na njia mbili tu: ama atanue nafasi, ama akate neno. Akitanua, ukurasa huingia mianya myeupe, na jicho hushindwa kujua kama neno linalofuata ni la mstari uleule au la safu ya pili. Akikata, huja hatari tuliyoiona Makambako. Lakini maandishi yakiachwa yaegemee kushoto peke yake, nafasi zote hubaki sawa, mstari huishia pale neno linapoishia, na hakuna sababu ya kukata kitu.

Kuhusu ukataji wenyewe, yafaa kanuni zake zijulikane, maadamu vitabu na magazeti hayataacha kukata maneno. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na konsonanti zinazotamkwa pamoja hazitenganishwi. Kwa hiyo jina la mji hukatwa «Maka-mbako», wala si «Makam-bako». Na «ng'ombe» ni «ng'o-mbe». Kompyuta isiyopewa kanuni hizi hukata kwa desturi za lugha nyingine, na hivyo ndivyo tulivyoliona jina la Makambako limevunjwa katika karatasi iliyochapwa Makambako kwenyewe. Lakini silabi peke yake haitoshi, kwani «ha-watalipwa» limekatwa sawasawa kwa kanuni ya silabi. Hapana budi kuongeza kanuni ya pili: kiambishi cha ukanushi kisitenganishwe kamwe na kiambishi kinachokifuata. «Hawata-lipwa» halina hatari, kwa kuwa «lipwa» peke yake haliridhishi, na msomaji atarudi juu kutafuta sehemu iliyobaki. Vivyo hivyo «wasio-jiandikisha» si mkato mwema, kwa sababu mstari utaanza na «jiandikisha», kama kwamba msomaji anaamrishwa.

Wapo wanaopenda kingo mbili zilizonyooka kwa sababu, wasemavyo, huipa hati sura ya heshima. Hoja hii tusiidharau. Vitabu vingi tulivyosomea vimepangwa hivyo, na katika ukurasa mpana, ukipangwa na mtu ajuaye kazi yake, msomaji hapati taabu. Lakini desturi hii haikuwa ya ofisi zetu tangu zamani. Barua na waraka wa serikali uliopigwa kwa mashine ya taipu uliegemea kushoto, na hakuna aliyeona kwamba umepungukiwa na heshima. Kingo mbili zilienea maofisini kompyuta ilipowezesha kila mtu kuzipata kwa kubonyeza mara moja. Huko Uingereza, Eric Gill, aliyekuwa mchongaji na msanii wa herufi, alitoa mwaka 1931 kitabu kuhusu upangaji wa chapa, akatetea nafasi sawa kati ya maneno, na kitabu chenyewe akakipanga bila kunyoosha ukingo wa kulia. Miongozo ya kimataifa ya maandishi ya intaneti iliyotolewa mwaka 2008, katika daraja lake la juu kabisa, yataka maandishi yasinyooshwe pande zote mbili na mstari usizidi herufi 80. Hata waandishi wa hati za Kiarabu, ambayo ndiyo iliyotumika kuandikia tenzi zetu za kale, walipotaka kuujaza mstari waliweza kuivuta herufi yenyewe ndani ya neno. Herufi za Kilatini tunazotumia leo hazivutwi hivyo. Kinachovutwa ni nafasi tupu.

Njombe, yapata kilomita 60 kutoka Makambako, tuliliona kosa la aina nyingine. Masharti tisa ya mkataba wa kupangisha yalikuwa yamewekwa katikati ya ukurasa, kila mstari ukianzia mahali pake. Kuweka katikati kunafaa kichwa cha habari au kadi ya arusi, ambapo mistari ni michache na mifupi. Katika masharti, msomaji humaliza mstari asijue wa pili unaanzia wapi, na nambari za vifungu hazifuatani wima. Chini ya masharti hayo palikuwa na hesabu ya fedha iliyoegemea kushoto, kiasi kwamba 95,000 na 9,500 zilianza pamoja na kuonekana kama ndugu. Tarakimu ndizo zinazostahili kuegemea kulia, ili mamoja yawe chini ya mamoja na makumi chini ya makumi.

Sasa tuje kwenye istilahi. Katika maduka ya stesheneri ya miji hiyo miwili vijana husema «kujastifai», na maofisini tulisikia «kulinganisha», «kusawazisha» na «kupanga». «Kujastifai» ni neno la kazi na linaeleweka kwa wenyewe, ila halimwambii mwanafunzi mpya chochote. «Kulinganisha» limekwisha kuwa na kazi ya kutazama vitu viwili kuona vinavyofanana na vinavyotofautiana. Mwalimu akiamuru «linganisha aya hizi», mwanafunzi atafanya jambo jingine kabisa. «Kusawazisha» hudokeza kwamba kilichokuwapo hakikuwa sawa, hali sisi tumeonyesha kuwa mara nyingi usawa wa nafasi hupotea hapo hapo tunaposawazisha kingo. «Kupanga» ni pana mno.

Tunapendekeza neno «egemeo», kutokana na kitenzi «egemea» ambacho kila mtu anacho. Hivyo tutakuwa na egemeo la kushoto, egemeo la kulia, egemeo la kati na egemeo la pande mbili. Na kitenzi chake kitakuwa «kuegemeza». Sifa yake ni kwamba neno moja hubeba familia nzima, na maana yake huonekana: mistari yote imeegemea ukuta mmoja, ambao ni pambizo. Upungufu wake tunaukiri: mtu hawezi kuegemea katikati pasipo na ukuta. Hata hivyo twaona ni upungufu unaovumilika. Tena neno hili litatusaidia kutofautisha egemeo na mahali. Anwani ya mwandishi wa barua, kama inavyofundishwa shuleni, huwekwa upande wa kulia wa ukurasa, lakini mistari yake yenyewe yaweza kuegemea kushoto.

Mwaka 2004 mradi uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Tangu hapo imebainika kwamba istilahi za kazi hii si anasa. Kila karani anayeketi mbele ya kompyuta huchagua egemeo la maandishi, ajue asijue.

Kwa wafasiri, walimu na watumishi wa umma ushauri wetu ni huu. Waraka na tangazo viegemee kushoto. Maneno yasikatwe katika matangazo hata kidogo. Katikati pawekwe kichwa tu, na fedha ziegemee kulia. Penye sharti la ukanushi, msomeeni mtu nakala kabla haijabandikwa ubaoni, au afadhali mpeni aisome mwenyewe, mkaangalie kidole chake kinaanzia wapi. Wasomaji wenye neno bora kuliko «egemeo» tunawaomba watuletee, pamoja na mfano wa mahali walipolisikia likitumika.